Shamba la Shangazi katika Nchi ya Mahali Salama

Wapo wasafiri waliofika nchi za mbali kwa miguu, wapo waliofika kwa punda, na wapo waliofika kwa kupotea tu. Binti mmoja aitwaye Sikudhani alifika kwa kukaa. Alikaa kwenye benchi la kibanda cha gemu cha Bwana Chilumba, pale Nachingwea, akaikodolea macho kompyuta namba tatu tangu asubuhi bila kupepesa, mpaka kioo chenyewe kikaona haya kikampisha. Namna hasa alivyopita haina faida kuieleza, na hata yeye akiulizwa husema, "Nilipita tu." Heri tueleze alichokifuata.

Shangazi yake, Bi Zamoyoni, alikuwa amewahi kuwa na mashamba mawili. La kwanza lilikuwa la udongo, kule bondeni, na mwaka wa mafuriko mto ulilichukua lote, mihogo kwa kibanda cha kulindia ndege. Hakubakiwa na hata tuta la kusimama akalilia. Baadaye mguu wake ukaanza kumsumbua, jembe likawa halishikiki. Sikudhani, ambaye kazi yake kibandani ilikuwa kufagia, kuwasha mashine na kutazama watu wakicheza, akawa anamleta apunge upepo. Siku moja shangazi akaona gemu ya kilimo kwenye kompyuta namba tatu. Akauliza, "Hapa panalimwa?" Akaambiwa panalimwa. Akasogeza kiti.

Hilo ndilo likawa shamba la pili. Kila siku baada ya swala ya alasiri, isipokuwa siku ya kliniki, kwa miaka miwili, Bi Zamoyoni alilima. Alikuwa na matuta arobaini ya nyanya, kuku kumi na mmoja wenye majina yao, na ng'ombe mmoja aliyemwita Mheshimiwa, kwa kuwa alikula sana, akanenepa vizuri, na maziwa akatoa sikukuu kwa sikukuu.

Sasa jana yake Bwana Chilumba alikuwa ametangaza kwamba kompyuta namba tatu imechoka na imejaa takataka, na kesho adhuhuri fundi atakuja kuifuta yote ianze upya.

"Na shamba la shangazi?" Sikudhani aliuliza.

"Si limehifadhiwa!"

"Wapi?"

Bwana Chilumba alikuna kidevu. Alikitazama kioo, akaitazama dari. "Humo humo," akasema.

Bi Zamoyoni hakulia wala hakumlaumu mtu. Alitafuta kandambili zake kwa ncha ya mguu, akazivaa. "Basi nimefurikiwa mara ya pili," akasema, akaenda zake nyumbani. Neno hilo ndilo lililomkalisha Sikudhani benchini.

Huko alikopita alikuta lango, na langoni karani mwenye mhuri mkononi na mihuri mingine miwili shingoni kama hirizi.

"Kiko wapi?" akauliza karani.

"Nini?"

"Binti, kwenu hamsalimiani? Mtu akikwambia 'Kiko wapi?' unaitikia 'Mahali salama.' Haya, tuanze tena. Kiko wapi?"

"Mahali salama," akaitikia Sikudhani kwa adabu. "Ila mimi hasa ndiye niliyekuja kuuliza kiko wapi."

Karani alishusha sauti. "Hilo usilirudie mbele za watu. Hapa kuulizana ni salamu. Kuuliza ili ujibiwe ni uchochezi."

Hata hivyo alikuwa mtu mwema, na siku ilikuwa haina wageni, akamweleza mambo ya nchi. Nchi ile iko chini ya Mabwana wa Michezo, na kila gemu ina Bwana wake. Mtu akicheza akachoka, pale alipofikia huwekwa ndani ya kisanduku, nacho huitwa kisanduku cha Ulipoishia. Akirudi kesho, kinafunguliwa, anaendelea. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Lakini sheria ya kwanza ya nchi inasema: Kila Bwana ataweka visanduku vya wageni wake mahali apendapo, wala asiulizwe. Na ya pili inasema: Bwana mmoja akipata mahali panapofaa, Bwana mwingine asipatumie.

Matokeo yake Mabwana mia walikuwa na maficho mia. Mmoja alivitundika jikoni juu ya moshi, pamoja na samaki wa kukausha. Mmoja alivifukia kwa jirani, jirani akiwa hana habari. Mwingine alivijengea ndani ya ukuta wa nyumba yake mwenyewe, na kila nyumba ilipobomolewa, visanduku vilisagika pamoja na matofali, naye akawaandikia wageni barua nzuri ya kuomba radhi.

"Kwa nini wasiviweke pamoja, kwenye ghala moja?" akauliza Sikudhani.

"Wazo hilo lipo. Lilihifadhiwa."

"Wapi?"

"Mahali salama."

Sikudhani akaona huyu hafai kusukumwa. Akabadili mlango. "Mnajua kwamba leo adhuhuri mnafagiwa? Nchi nzima. Fundi anakuja."

Karani alicheka mpaka mihuri ya shingoni ikagongana. "Maneno ya kutishia watoto hayo! Tangu nchi hii ianze, hatujawahi kufagiwa hata mara moja."

"Nchi ilianza lini?"

"Mwaka juzi, mwezi wa Machi, siku ya Jumanne."

"Na kabla ya Jumanne hiyo?"

"Aa, kabla ya Jumanne," karani alisema kwa fahari, "palikuwa pasafi kabisa."

Akampigia mhuri mkononi, akampa ramani. Katikati ya ramani palikuwa na nafasi nyeupe pana kama ungo, isiyo na hata jina la kijito.

Nyumba ya kwanza aliyoikuta ilikuwa imeandikwa juu ya mlango NYARAKA ZANGU. Ndani, visanduku vilipangwa kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi, na katikati, kwenye upenyo wa kutosha mtu mmoja na kikombe kimoja, alikaa mwenye nyumba, Bwana Makabrasha, mzee mwembamba mwenye vumbi kwenye nyusi.

"Karibu, binti. Usiegemee hapo, ni vita. Hapo pia usiegemee, ni mpira. Kaa juu ya hiki, hiki sijui ni nini."

"Mzee wangu, visanduku vyote hivi ni vyako?"

"Hukusoma mlangoni? Nyaraka zangu."

Sikudhani akasoma ubavu wa kisanduku alichokalia. "Hiki kimeandikwa Mapigano ya Mazimwi, Sehemu ya Nne. Unacheza?"

"Sijawahi hata kuisikia. Walikuja asubuhi moja, wakagonga hodi wakiwa wameshaingia. Bwana mmoja akanijengea chumba humu sebuleni, akakiita Michezo Yangu. Bwana wa pili akaona si adabu kutumia chumba cha mwenzake, akajenga chake pembeni, akakiita Michezo Yangu. Wa tatu akakiita Michezo Yangu Hasa." Alikunywa chai kidogo, maana kiwiko hakikuwa na nafasi ya kunywa nyingi. "Mimi mwenyewe hapa nina karatasi moja tu, cheti changu cha kuzaliwa. Nimekitafuta wiki ya sita sasa."

"Huwaambii waondoe?"

"Binti, ni heshima! Wangepeleka kwa mwingine ningejisikiaje?"

Sikudhani akamuuliza mzee ni wapi Bwana wa gemu ya kilimo huweka vya kwake.

"Yule? Yule mtu wa haya. Hawezi kuweka sebuleni kwa mtu. Huyo anapeleka kule." Mzee alifumba macho, akaonyesha kwa kidevu.

"Kule wapi?"

"Kule kusikokuwapo."

Sikudhani akaikunjua ramani, akaitazama ile nafasi nyeupe, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akaenda.

Kule kusikokuwapo kulikuwa na watu wengi kuliko nchi yote iliyobaki. Kulikuwa na maghala, ofisi, foleni, na harufu ya maharage ya ofisini. Ila kila aliyekatiza kutoka sehemu nyingine ya nchi alipita amefumba macho, maana wilaya ile ilikuwa imetangazwa rasmi kuwa haionekani. Watu waligonga nguzo na paji la uso, wakaiomba nguzo radhi, kisha wakakumbuka kwamba hakuna nguzo, wakaendelea. Sikudhani alitembea macho wazi kwa sababu hakuna aliyemwambia afumbe.

Katika ofisi kubwa kuliko zote, nyuma ya meza yenye kengele, alimkuta mama wa makamo.

"Shikamoo, mama."

"Usinisalimie, mwanangu," akasema yule mama bila kuinua kichwa. "Sionekani."

"Lakini mimi nakuona."

Kalamu ilimdondoka. "Tangu lini?"

"Tangu nilipopinda ile kona."

Mama yule alitazama kushoto na kulia, kisha akauliza polepole, "Na nimevaa nini?"

"Kitenge cha tausi. Kimekukaa vizuri, hasa hapo mabegani."

Jina la mama huyo lilikuwa Bi Stara, na alikuwa mtunza visanduku mkuu wa wilaya isiyoonekana. Kitenge kile alikishona mwaka juzi kwa ajili ya siku ya kuanza kazi, na kwa muda wote ule hapakuwa na kiumbe aliyemwambia neno. Alijikunyata kidogo, akajitazama mabega, akafunga daftari. "Unatafuta nini, mwanangu?" akasema. "Sema haraka kabla sijakumbuka kwamba siruhusiwi."

Ghala lilikuwa na ghorofa tatu. Ya kwanza iliitwa Nje, ya pili Ndani, ya tatu Ndani-Ndani.

"Ndani na Ndani-Ndani zina tofauti gani?" akauliza Sikudhani.

"Swali zuri. Iliundwa kamati ilichunguze. Wakasema waanze na Ndani-Ndani." Bi Stara akapanda ngazi. "Bado tunawasubiri."

Kisanduku cha kilimo kilikuwa Ndani, kwenye rafu moja na vingine mia tatu. Hakuna kilichokuwa na jina. Kila kimoja kilikuwa na namba yenye tarakimu kumi na saba.

"Shangazi yako ni namba ngapi?"

"Anaitwa Zamoyoni binti Likwata."

"Zuri, lakini hilo ni jina la mtu. Namba?"

Sikudhani hakuijua. Akafanya anachokiweza. Alikaa chini akatazama. Kila kisanduku kilikuwa na mihuri ya siku kilipofunguliwa na kufungwa, imepangwa ubavuni. Alivipitia kimoja kimoja, taratibu kama mtu anayechambua mchele. Hiki hufunguliwa Jumapili tu, si chenyewe. Hiki hufunguliwa na kufungwa mara hamsini kwa siku, huyo ni mtu asiyekubali kushindwa. Kisha akafika kwenye kisanduku kilichopigwa mhuri saa kumi na robo, saa kumi na robo, saa kumi na robo, kwa miaka miwili, isipokuwa Alhamisi. Alhamisi zote zilikuwa wazi.

"Ni hiki," akasema. "Alhamisi ni kliniki ya mguu."

Alipokishika, ndani yake ng'ombe alikohoa. Kilikuwa kizito, ikabidi wakishike wawili. Lakini Bi Stara aligeuza kifuniko, akasoma karatasi iliyobandikwa, na uso ukambadilika.

"Mwanangu, kuna kingine."

"Cha shangazi?"

"Cha namba hiyohiyo, juu kwenye Wingu. Huko huwekwa pacha wa kila kisanduku. Sasa karatasi hii inasema pacha hawa hawafanani tena. Chetu ni cha jana. Cha juu kimepigwa mhuri leo, saa tatu asubuhi. Vikigombana hivi, Baraza la Wingu huamua. Kinachoshinda kinakaa kote kuwili." Akakirudisha kifuniko. "Kinachoshindwa hufutwa."

Leo saa tatu asubuhi. Sikudhani alikumbuka: saa tatu Bwana Chilumba alikaa mbele ya kompyuta namba tatu kuona kama inawaka. Alifungua gemu ya kilimo, akabofya Anza Upya, akasema "Aha, inawaka," akainuka. Bando lake la intaneti lilitosha kulipeleka shamba lile la dakika moja juu Winguni bila kupitia rafuni.

Ngazi ya kwenda Winguni ilikuwa ya ajabu. Bando likiwepo huko duniani, husimama imara hadi juu. Bando likiisha, hubaki vidato vitatu vya chini, na aliye juu atajijua. Kwa bahati Bwana Chilumba alikuwa amejiunga la saa moja ili ampigie fundi na kumwona sura. Walipanda na kisanduku chao, Bi Stara mbele, Sikudhani nyuma, Mheshimiwa akikohoa kila kidato.

Wajumbe saba wa Baraza walikaa kwenye mito ya ukungu, nguo zao nyeupe, nyuso zao zimetulia kama watu ambao hawajawahi kubeba kitu. Mbele yao kilikuwepo kisanduku kingine, namba ileile. Sikudhani na Bi Stara wakaweka chao pembeni yake.

"Kiko wapi?" akasema Mwenyekiti.

"Mahali salama," wote wakaitikia.

"Shauri hili ni jepesi," akasema Mwenyekiti. "Sheria ya Wingu ni moja. Kipya hukifuta kikuukuu. Cha chini ni cha jana. Cha juu ni cha leo. Kuna swali?"

"Lipo, mheshimiwa," akasema Sikudhani, na ndani ya kisanduku ng'ombe akageuka kwa kudhani ameitwa. "Hicho cha leo ndani kina nini?"

Wajumbe wakatazamana kwa aibu, kama walioulizwa chooni kuna nini.

"Hatufungui visanduku," akasema mjumbe mnene. "Tunasoma mihuri. Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyekuwa akifungua na kuchungulia. Ilibidi tumwondoe."

"Aliiba?"

"Alianza kuwa na maoni."

Sikudhani akasogea, akakiinua kile cha leo kwa kidole kimoja cha mwisho. Hakikutoa sauti. Ndani yake kulikuwa na kibanda kitupu, jembe moja na mbegu kumi na tano, na vyote vilikuwa vyepesi kama ahadi. Kisha akawaomba wajumbe wawili wainue kile cha jana. Walijaribu, wakatoka jasho, mmoja akashika kiuno.

"Mnaona? Hiki kina miaka miwili ya mtu. Hicho kina dakika moja ya Bwana Chilumba."

"Uzito haumo kwenye kanuni," akasema Mwenyekiti.

"Lakini mmeusikia mgongoni!"

"Kuusikia ni jambo binafsi."

Hapo ukazuka mjadala. Mjumbe mnene alisema uzito ukiruhusiwa, kesho wataletewa harufu. Mjumbe mwembamba alisema iundwe kamati ndogo ya kuchunguza kama uzito upo. Wa tatu aliuliza kamati hiyo ikae wapi, wakasema Ndani-Ndani, na Bi Stara akaguna. Wa nne, ambaye alikuwa amelala, aliamka akasema anaunga mkono. Huko chini, kwa mbali, ilisikika pikipiki ikizimwa, kisha sauti ya Bwana Chilumba ikisema, "Karibu, fundi, mashine yenyewe hii hapa."

Sikudhani aliona moyoni kandambili za shangazi zikitafutwa kwa ncha ya mguu. Lakini hakupiga kelele, maana alijua kelele hazina mhuri. Alikitazama kisanduku. Akaitazama mihuri. Miaka miwili alitazama watu wakicheza, na kila aliyeondoka alifanya jambo lilelile mwishoni.

"Wajumbe wangu," akauliza kwa upole, "kisanduku hupigwa mhuri na nani?"

"Hakipigwi na mtu. Hujipiga chenyewe kikifungwa."

"Kila kikifungwa?"

"Kila kikifungwa."

"Na anayeruhusiwa kukifungua?"

"Mchezaji yeyote."

"Mimi si mchezaji. Mimi hutazama tu."

"Ukicheza utakuwa mchezaji," akasema Mwenyekiti akipiga miayo. "Hilo halihitaji kamati."

Sikudhani akakifungua kisanduku cha jana.

Shamba likatandazika mbele yake, jekundu na la kijani, likinukia mvua ya juzi. Kuku kumi na mmoja walimkimbilia, kisha wakaona siye, wakarudi. Mheshimiwa alimtazama kama mtu anayesubiri kuamkiwa kwanza. Sikudhani hakuwahi kugusa shamba hili, hata siku moja. Alivua viatu. Alipita kati ya matuta mpaka tuta la mwisho, ambako mwishoni kabisa palikuwa na mnyanya mmoja uliosinyaa, umeachwa peke yake. Akaokota kopo la maji, akaumwagilia. Mara moja tu. Kisha akatoka na kukifunga kisanduku.

Pwa! Mhuri ukajipiga wenyewe ubavuni: leo, saa tano na dakika hamsini na mbili.

Mwenyekiti akainama, akasoma, na uso wake ukachanua. "Kipya!" akasema.

"Kipya!" wakasema wajumbe.

"Kipi kikuukuu?"

"Cha saa tatu!" wakaitikia kwa furaha, kwani hakuna aliyehitaji kuwa na maoni. Kibanda kitupu na mbegu kumi na tano vikafutwa, na shamba la Bi Zamoyoni likakaa kote kuwili. Kamati ya uzito ikavunjwa kabla haijapotea.

"Asanteni," akasema Sikudhani. "Sasa naomba na cha tatu, nakala, niondoke nayo."

Mjumbe mnene alishika kifua.

"Mwanangu," Bi Stara akamnong'oneza, "hapa nakala ni tusi. Ukimwomba mtu nakala, unamwambia utakufa."

"Kwetu mbegu huwekwa nyumba tatu," akasema Sikudhani. "Mafuriko yalipopita, shangazi alipata mbegu zake za kunde kwa jirani, kwenye kibuyu, na jirani hakukasirika. Alisema, 'Nilikuwa nakuwekea.'"

Wajumbe wakaanza kujadili kibuyu ni mhuri wa aina gani. Bi Stara akamvuta mkono, wakateremka ngazi mbiombio na kisanduku chao, na vidato vikawa vinafifia nyuma yao kimoja kimoja, kwa maana bando nalo lilikuwa linaisha. Chini, Sikudhani alifungua pindo la kanga, akatoa flashi yenye nyimbo za shangazi.

"Nipe," akasema Bi Stara. Akaigusisha kisanduku kama mtu anavyowasha mshumaa kwa mshumaa. Shamba halikupungua hata jani. "Nenda nayo. Mimi sionekani, nani atanishtaki?"

Pembe ikalia. Kutoka langoni likaja wimbi la weupe, polepole, likilamba sebule ya Bwana Makabrasha, ambaye alisikika akisema kwa mshangao, "Hebu! Cheti changu hiki hapa!" kisha hakusikika tena.

"Bi Stara, twende wote."

"Twende wapi? Mimi ni wa huku." Alikuwa akinyoosha kitenge mabegani. "Wala usiogope. Tangu nchi ianze, hatujawahi kufagiwa."

"Tausi wako nitawakumbuka."

"Basi hiyo ni nakala yangu," akasema Bi Stara, akacheka, na weupe ukafika.

Sikudhani alikuwa benchini. Fundi alikuwa akifunga mkoba, na kompyuta namba tatu iling'aa kama sahani ya mgeni. "Gemu zote nimerudisha," fundi alisema, "ila ndani hamna kitu. Pasafi kabisa." Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Alasiri Bi Zamoyoni aliletwa, na aliletwa kwa kubembelezwa. Alikaa huku amekitazama kiti cha pembeni ili asikione kioo. Sikudhani akachomeka flashi, akanakili, akafungua. Kuku wakakimbia. Mara hii hawakurudi nyuma.

Shangazi akasogeza kiti. Aliamkia ng'ombe. Alipita tuta la kwanza, la pili, la tatu, yote arobaini, midomo ikihesabu. Mwisho wa tuta la mwisho alisimama ghafla.

"Nani kamwagilia huu?"

"Mimi, shangazi. Mara moja tu."

"Mara moja tu! Mnyanya huu nilikuwa naukausha kwa makusudi, wa mbegu! Wiki tatu naunyima maji! Tazama sasa, umechanua kama bibi harusi!"

"Nisamehe, shangazi."

"Mtu unamwachia shamba siku moja!" Bi Zamoyoni alikuwa akifuta macho kwa ncha ya kanga, akiulaumu mwanga wa kioo, na Bwana Chilumba alikuwa akicheka huku ameegemea mlango kwa mbali, maana alijua ana kesi. Shangazi akapenga kamasi, akageuka. "Haya. Na hicho kidude ulicholetea shamba langu, ukitoka hapa utakiweka wapi?"

Sikudhani akafungua mdomo. "Mahali sa..." Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akalimeza.

"Kwenye kopo la majani ya chai," akasema. "Rafu ya pili, nyuma ya unga wa muhogo. Na nakala nyingine nitampa Mama Nambunga, ataiweka kabatini, chini ya sahani ya tatu, ile yenye ufa."

"Sema tena, polepole."

Akasema tena, na Bwana Chilumba, ili kupunguza kesi yake, akayaandika maneno hayo kwa chaki juu ya kompyuta namba tatu, herufi kubwa, kila mteja asome. Yapo mpaka leo. Na katika nyumba ya Bi Zamoyoni chai siku hizi huchujwa mara mbili, kwani mara moja tayari Mheshimiwa ameshanusurika kuchemshwa pamoja na majani.